Arobaini Imepita, Mwanangu Hajarudi

Shangazi, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Langoni, Lamu. Binti yangu wa pili ana miaka 24 na amejifungua mtoto wa kiume, uzazi wake wa kwanza. Alikuja kuzalia kwangu kama ilivyo ada yetu. Nimemkanda kwa maji moto, nimemfunga mkaja, na uji wa pilipili manga hakuukosa hata asubuhi moja. Arobaini ikafika, tukasoma dua, watu wakala wakaenda zao. Sasa mtoto ana wiki kumi, na mwanangu ni kama hajatoka chumbani, hata akiwa ameketi ukumbini nasi.

Hali mpaka nimsimamie. Usiku mtoto akilala, yeye halali. Adhana ya magharibi ikisikika hutoka uani, akazianua nepi zote, kisha akazianika upya moja moja huku akizihesabu. Nikimuuliza, husema hakuwa na hakika kama alizianika. Wiki iliyopita aliniambia, "Mama, mtoto huyu ananitazama kama anayenijua. Afadhali akae na wewe." Juzi akasema anatamani alale asiamke. Nilijifanya sikusikia, Shangazi, Mungu anisamehe. Niliogopa kwamba nikimjibu ndiyo nitakuwa nimemfundisha.

Mumewe ni mvuvi. Kaskazi hii yuko Kiwayu akivua kamba, akija hukaa siku mbili tatu. Mawifi zake wanasema ni jini. Dada yangu mkubwa anataka tumpeleke bara kwa mganga. Maalim amemsomea, nashukuru, na siku hiyo hutulia. Zahanati moja ilimpa vidonge, lakini tulipompeleka mtoto kupimwa uzito mhudumu mwingine akashangaa, "Ananyonyesha, mbona amepewa hivi?" Tukaviacha siku ya tano.

Mwana wa ndugu yangu aliye Mombasa ametutumia habari za kidonge kipya cha Marekani ambacho kinaponya ugonjwa huu wa wazazi kwa siku 14. Mume wangu yuko radhi kuuza kiwanja chetu cha Hindi, kule bara ya Lamu. Je, tuuze? Na hizi tafiti mpya za maradhi ya akili zinatuhusu sisi watu wa Amu, au ni za wenye pesa?

Mama wa Langoni

*

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Msiuze kiwanja. Nitakueleza kwa nini, lakini kuna jambo la kufanya usiku wa leo, nalo haligharimu kitu.

Kaa karibu naye wakati nyumba imetulia, umwambie: "Juzi ulisema unatamani ulale usiamke. Nilikusikia. Je, umewahi kuwaza kujiua? Umewahi kuogopa kwamba utamdhuru mtoto?" Uliza hivyo hivyo, kwa maneno yasiyofunikwa. Hofu yako ya kumfundisha ni hofu ya wazazi wengi, na hata waganga wa hospitali walikuwa nayo. Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali, na hawakuona kwamba kuuliza humtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye yuko anayeweza kulisikia.

Akikujibu ndiyo, na hasa akiwa ameshafikiria njia, usimwache peke yake na usimwache peke yake na mtoto. Na zipo dalili nyingine za kumtoa nyumbani usiku huo huo: akisema anasikia sauti zinazomwamrisha, akisema mtoto si wake au si binadamu, akikesha bila hata kuhisi uchovu, au maneno yake yakianza kuparaganyika. Hiyo ni hali ya kichaa cha uzazi. Ni nadra, ina matibabu mazuri, lakini haingoji asubuhi. Mkikwama, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri. Na kama kuna anayewatisha kwa polisi, mjue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichokuwa kikimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba.

Hata akijibu hapana, kesho mpelekeni hospitali kuu, pale King Fahad. Nasema kesho kwa sababu ya sentensi moja katika barua yako, ile ya mtoto kumtazama "kama anayenijua". Huenda ni maneno ya mama aliyechoka na kujiona hafai. Huenda ni mwanzo wa jambo zito zaidi. Kwa barua siwezi kupambanua, wala wewe huwezi kwa macho ya mama. Anayeweza ni mtu aliyesomea kazi hiyo, akiwa ameketi naye uso kwa uso.

Nimefanya kazi miaka mingi kliniki ya mama na mtoto huku Malindi kabla ya kuandika safu hii, kwa hiyo nikwambie cha kuomba mkifika. Ombeni aulizwe maswali kumi ya Edinburgh. Ni karatasi moja ya kutafuta dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka; ipo kwa Kiswahili, inauliza mama amejihisi vipi siku saba zilizopita: ameweza kucheka, amejilaumu pasipo sababu, amelia, na swali la kumi ni kama amewaza kujidhuru. Ilichapishwa mwaka 1987, na jina lake ni la mji wa Uskoti, lakini daktari aliyeongoza kazi hiyo, John Cox, alikuwa amefanya utafiti kwa wajawazito wa Uganda miaka ya 1970, akaandika pia juu ya amakiro, jina ambalo Waganda wanalo tangu zamani kwa ugonjwa unaomshika mwanamke baada ya kuzaa. Kwa hiyo mtu akiwaambia haya ni maradhi ya Wazungu, mjibuni kwamba majirani zetu walikwisha kuyapa jina. Ombeni pia apimwe damu na tezi la shingo, maana upungufu wa damu na tezi lililolegea baada ya kuzaa humfanya mtu awe hivyo hivyo, mzito, baridi, asiye na hamu.

Na mrudi na vile vidonge mkononi, pamoja na pakiti yake. Sijui mlipewa dawa gani, na siwezi kukwambia mrudie au msirudie. Ninaloweza kukwambia ni kwamba kunyonyesha peke yake si sababu ya kumnyima mama dawa ya sonona. Zipo ambazo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno, sertraline ikiwa mojawapo ya zile ambazo madaktari huchagua mara nyingi kwa anayenyonyesha. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo siku tano hazikuwapa nafasi ya kujua lolote. Yule mhudumu aliyeshangaa mbele yenu angewaelekeza kwa daktari, na aliyeandika dawa angewaeleza kwanza. Makosa hayo mawili si yenu.

Sasa nije kwenye kidonge cha Marekani. Habari mliyotumiwa si ya uongo. Dawa hiyo inaitwa zuranolone, iliidhinishwa Marekani Agosti 2023, na kweli humezwa mara moja kila jioni kwa siku 14. Hupunguza sonona ya baada ya kujifungua haraka, wengine huanza kuona tofauti ndani ya siku chache, na mimi nafurahi kuona wanasayansi wameshughulikia maradhi ya wazazi kwa dawa yao mahususi. Lakini someni na yale ambayo hayakuandikwa kwa herufi kubwa. Wanawake waliofanyiwa majaribio walilinganishwa na waliopewa kidonge kitupu, wakafuatwa kwa siku 45. Siku 45, dada yangu, ni arobaini na tano juu yake! Walitakiwa wasinyonyeshe wakati wanaitumia. Inalewesha kwa usingizi kiasi kwamba mtu huonywa asiendeshe gari kwa saa 12 baada ya kuimeza. Na bei iliyotangazwa ilipoingia sokoni ilikuwa dola 15,900, yaani zaidi ya shilingi milioni 2 za kwetu. Kiwanja cha Hindi kingekwenda chote, na mwanao angebaki na mume aliye baharini, mawifi wanaonong'ona, na nepi zile zile kwenye kamba.

Umeniuliza kama tafiti hizi zinawahusu. Ningependa nikupe utafiti mmoja ambao nikiusoma naona kama umefanywa mtaani kwenu.

Ulifanyika Pakistan, vijiji vya karibu na Rawalpindi, ukachapishwa mwaka 2008 na daktari Atif Rahman na wenzake. Nchi ya Kiislamu, mama anakaa na mavyaa na mawifi nyumba moja, pesa kidogo, daktari wa akili yuko mbali. Walichukua wajawazito 903 wenye sonona. Nusu yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari tu, waliofundishwa namna maalumu ya kuzungumza na mama. Nusu nyingine nao walitembelewa mara zile zile, na wahudumu wa aina ile ile, ila hawa hawakupewa mafunzo hayo. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na ugonjwa upande wa kwanza walikuwa asilimia 23. Upande wa pili, asilimia 53. Walipowarudia mtoto akiwa na mwaka, tofauti ilikuwa bado ipo, 27 kwa 59.

Itazame vizuri hiyo hesabu. Wote walitembelewa, wote walipata mtu wa kuwagongea hodi, kwa hiyo kutembelewa peke yake hakukuleta tofauti ile. Tofauti ilikuwa katika kilichosemwa mlango ukishafungwa.

Kilichosemwa kilikuwa nini? Mhudumu hakuanza na neno maradhi. Alianza na afya ya mtoto, jambo ambalo hakuna mavyaa anayelikatalia, na kwa mlango huo akamfikia mama. Alikuwa na picha. Picha moja ya mama akimwangalia mwanawe na wazo limemkaa kichwani: mimi sifai, mtoto huyu ataharibika mkononi mwangu. Hawakumwambia "ondoa mawazo hayo". Walimsaidia kulitambua wazo lenyewe, aone jinsi linavyomfanya ajitenge na mtoto, kisha wakatafuta pamoja wazo jingine la kweli na kitendo kidogo cha kulijaribu kabla ya kuonana tena. Kumwogesha mtoto yeye mwenyewe mara moja, mkwe ameketi pembeni. Mikutano ilikuwa 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mtoto ana miezi kumi. Watoto wa kundi hilo waliharisha mara chache zaidi na wengi zaidi walimaliza chanjo, ingawa uzito na urefu haukutofautiana sana. Shirika la Afya Duniani limeichukua njia hiyo na kuitolea mwongozo. Hapa hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili wakipata nafuu baada ya vikao vitano tu na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa.

Na nisiwasahau akina bibi wa Harare. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi wachache mtaa wa Mbare, wakikaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Utafiti wao wa mwaka 2016 uliwahusisha watu 573, na waliokaa benchini na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hawa hawakusema sonona. Walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Humwacha mtu aeleze yote, kisha achague tatizo moja tu kati ya yote, na hatua moja.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani nakwambia wewe uwe huyo bibi. Bibi wa Harare walifundishwa, walisimamiwa, na aliyeketi mbele yao hakuwa binti yao. Wewe uko karibu mno. Ukimwona analia, utalia. Akisema hafai, utamwambia mbona unafaa, na mazungumzo yatakufa hapo. Ndiyo maana wazee wetu hawakumwachia mama mzazi kila kitu. Walimpa msichana somo. Mwanao ana somo yake? Yule aliyemfunda alipokuwa mwari, ambaye anaweza kumwambia yasiyosemeka mbele yako? Kama yupo hai na ana kifua cha kuweka siri, mwite. Aende naye kliniki, asikie muuguzi anavyosema, na aje kila wiki siku ile ile saa ile ile. Mwambie mapema kwamba hakuja kufunda safari hii. Asimwambie vumilia, wala asimtajie wenzake waliozaa mapacha wakasimama. Pamoja naye mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, mmuulize kama amepata mafunzo ya kuzungumza na wenye msongo, na kama hajapata, ni nani kliniki aliyepata.

Nasema haya kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita mama mmoja aliniambia kliniki, mtoto akiwa kwenye mizani, kwamba hahisi chochote akimbeba. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwandikia uzito, nikamwambia "utazoea". Alinitazama, akamfunga mtoto kwa leso, akaondoka, na mwezi uliofuata hakuja. Sikuwahi kujua alivyoendelea. Uso wake ninao mpaka leo.

Nyumbani, anza na usingizi. Ninaposoma barua yako naona mtu ambaye hajalala wiki kumi, na kukosa usingizi na sonona hulishana. Baada ya isha amnyonyeshe, kisha mtoto aje chumbani kwako, mlango ufungwe, yeye apate saa nne au tano mfululizo. Akiamka mtoto, mpe maziwa aliyokamua, kwa kikombe safi. Akishindwa kulala hata mtoto akiwa hayupo karibu, hilo mwambieni daktari, ni jambo kubwa. Maneno yake ya "afadhali akae na wewe" usiyatimize kwa kumwondolea mtoto kabisa. Madhali daktari hajaona hatari, mtoto arudi kifuani mchana, kwa muda mfupi mfupi, nawe ukiwepo.

Mumewe apigiwe simu leo, asisubiri bamvua ijayo. Aambiwe ni ugonjwa, una jina, unatibika, na anahitajika kuwepo siku ya kliniki ya kwanza au ya pili. Kamba watakuwepo.

Maalim aendelee kumsomea. Akitulia siku hiyo, basi siku hiyo ni faida, na dini yetu yenyewe imetuhimiza tutafute dawa. Safari ya mganga ndiyo ninayoipinga, hasa ikiwa ya kumtenga, kumfunga, kumpiga au kumwachisha dawa. Kwa dada yako mkubwa huna haja ya kubishana habari za jini. Mwambie tu hospitali kwanza, na mpe kazi: yeye ndiye apike mchana kwa wiki mbili, upate kupumua nawe. Mawifi wanaokuja kutazama wapewe nepi za kufua. Atakayekataa atapunguza ziara.

Kuhusu ada zetu za arobaini, usijute hata moja. Tafiti za mila kama hizi huko Uchina na nchi nyingine za Asia zimetoa majibu yanayopishana, na kinachojitokeza ni kwamba kutunzwa humfaa mama pale anapotunzwa na anayemtaka, kwa namna anayoitaka. Muulize sasa. Labda mkaja ulimbana. Labda alitaka shoga zake waje nao walikatazwa.

Kisha kuna nyimbo. London mwaka 2018 walichapisha utafiti wa mama 134 wenye dalili za sonona. Baadhi yao waliimba pamoja, na watoto wao, kila wiki kwa wiki kumi, na wale waliokuwa na hali nzito zaidi walipata nafuu upesi kuliko wasioimba. Kwetu nyimbo za kubembeleza watoto hazijawahi kukosekana. Usimlazimishe. Anza wewe, umebeba mtoto, umeketi karibu naye kiasi kwamba bega lako linamgusa, na uuache mstari mmoja bila kuumaliza.

Na zile nepi. Leo magharibi akitoka uani kuzianua, usimwambie kwamba ameshazianika. Toka naye, shika kikapu cha vibanio, mzihesabu pamoja kwa sauti, mzitie ndani pamoja, na umwambie kwamba zote zipo. Wiki ijayo niandikie mmeambiwa nini hospitali, na kama alilala.

Shangazi, Malindi